Hekaya za Valledupar: tuziimbe zote bila kuzihoji?

Hoja ninayoileta inahusu vallenato, muziki wa kodiani uliozaliwa katika vijiji na malisho ya kaskazini mwa Kolombia, ambao tangu 1968 una tamasha lake mjini Valledupar. Jina la tamasha limebeba neno "hekaya", na wengi hudhani ni kile kisa cha Francisco el Hombre, aliyekuwa akirudi nyumbani usiku juu ya punda huku akipiga kodiani, akasikia mwingine akimjibu gizani, na alipong'amua kwamba anashindana na Ibilisi akaimba Nasadiki kinyumenyume mpaka mpinzani akatoweka. Sivyo. Hekaya yenyewe ni ya mwaka 1576: Francisca, mwanamke wa kabila la Tupe, alichapwa na kukatwa nywele na bibi wa Kihispania aliyemtumikisha, watu wake wakauvamia mji, kisha wakatia sumu ya mmea wa barbasco katika ziwa la Sicarare, askari wa Kihispania waliokunywa maji yake wakaanguka, naye Bikira wa Rozari akawagusa kwa fimbo wakainuka. Kila mwisho wa Aprili muujiza huo huigizwa hadharani. Nywele za Francisca hazirudi, wala hakuna anayeziulizia. Ibada siigusi, ila nashikilia kwamba tamasha la umma halipaswi kuusimulia ushindi huo wa Wahispania kana kwamba ni wa wote.

— Ndugu mtoa hoja, swali lako nalikubali, lakini umempita Francisco upesi mno. Simulizi humhusisha na Francisco Moscote wa La Guajira, jimbo la kaskazini mwa Kolombia, mtu aliyeishi kweli, wa enzi ambazo mwimbaji alikuwa ndiye gazeti, akipeleka habari za vifo, mapenzi na ugomvi kijiji kwa kijiji. Aliyewashinda waimbaji wote wa jirani angetafutiwa mshindani gani mwingine? Tena tazama silaha aliyoitumia: sala ya kanisa, lakini imepinduliwa. Hapo mimi sioni ucha Mungu mtupu. Naona utundu wa mtu wa shamba aliyeyachukua maneno ya padri akayafanya mali yake. UNESCO ilipouingiza muziki huu mwaka 2015 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ilitaja vita vya silaha vilivyochochewa na biashara ya dawa za kulevya, na kupungua kwa nafasi za mitaani za kuimbia. Hekaya hazikutajwa miongoni mwa hatari hizo.

— Hapo tunakaribiana, ndugu yangu. Hekaya ya Francisco iko wazi kwa kila mwimbaji, kwa kuwa malumbano ya papo kwa papo, yaani piqueria, bado yanashindaniwa jukwaani na mshindi hajulikani mapema. Ile ya 1576 mshindi wake anajulikana kabla ya ngoma kulia. Basi nampunguzia mwandaaji mzigo: atakapoigiza mwaka ujao, aanze na lile tukio la kukatwa nywele, na aliweke mbele ya watazamaji wote.