Sinki la gari la kulala linashusha maji polepole: kosa la mpira au la tangi?

Mwenye HiAce, Jambiani
Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri wa mafundi. Gari ni HiAce iliyotengenezwa ya kulala ndani. Sinki dogo la chuma, chini yake mpira wa mikunjo wa milimita 20, urefu mita 1 na nusu hivi, unapita nyuma ya kabati la jiko mpaka tangi la maji machafu la lita 25 chini ya sakafu. Nikiosha sufuria moja ya samaki wa nazi, maji yanakaa dakika nne, yanabwabwaja na mapovu yanarudi juu. Nilimimina siki na maji ya moto, yakashuka vizuri siku mbili, kisha yale yale. Unga wa kuzibulia choo unafaa?

Fundi Bomba, Mwanakwerekwe
Waaleikumu salaam. Usithubutu kaka. Unga ule ni soda kali. Ukikuta mpira umelegea katikati unatuama hapo hapo, unachemka, unalainisha mpira na kula aluminiamu yoyote iliyo njiani. Na siki usiikutanishe kamwe na dawa ya klorini ya kufulia. Inatoka hewa ya sumu, na gari ni chumba kidogo.

Kwanza ujue maji yanakwama wapi. Mwaga tangi liwe tupu, ziba sinki, tia lita 2, shika saa, kisha zibua. Rudia mara nne: mfuniko wa tangi umefungwa, mfuniko wazi, mpira umechomolewa tangini na kuelekezwa kwenye ndoo, mwisho mpira umechomolewa chini ya sinki. Tuletee nyakati zote.

Mwenye HiAce, Jambiani
Mfuniko umefungwa: dakika 4 na sekunde 10. Mfuniko wazi: dakika 1 na sekunde 35, na sauti imekufa. Mpira nje ya tangi: vile vile. Sinki peke yake: sekunde 9.

Fundi Bomba, Mwanakwerekwe
Basi una maradhi mawili, na sinki lenyewe ni zima.

La kwanza ni pumzi. Lita 2 zikiingia tangini, lita 2 za hewa lazima zitoke. Tangi lako halina tundu la kupumulia, au limezibwa na tope, kwa hiyo hewa inapanda kwenye mpira ule ule ambao maji yanashuka. Weka kimpira cha milimita 10 au 12 kutoka juu kabisa ya tangi, kipandishe juu kadiri nafasi inavyoruhusu, kisha kitoke nje ya bodi, mdomo ukitazama chini. Funga kitambaa cha wavu mdomoni, mende wasipande. Usikiishie ndani ya gari.

La pili ni mpira. Wa mikunjo haufai kwa maji ya jikoni. Ukate kwa urefu uone ndani.

Mwenye HiAce, Jambiani
Nimeukata. Kila kunjo limejaa utando mweupe mgumu kama mshumaa, na ndani yake punje za wali na maganda ya kitunguu. Kumbe siki haikuugusa!

Mtu wa Boti, Mkoani
Siki inayeyusha chokaa ya maji ya kisima, mafuta haiyawezi. Huo ni utando wa tui. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa kipupwe hufika huko. Maji ya moto yaliyayeyusha karibu na sinki, mafuta yakapoa yakiteremka, yakaganda mbele zaidi. Ndiyo maana ulipata siku mbili tu.

Tafuta mpira wa milimita 25 ulio laini ndani, wenye msokoto mgumu ukutani, ule wa kuvutia maji kwenye pampu za boti. Mafundi wa boti pale Malindi, Unguja mjini, watakuonesha. Mteremko usipungue sentimita 2 kwa kila mita, na uubane kila sentimita 30 hadi 40, kwani hata mpira mzuri ukining'inia unaweka ziwa la maji. Msukumo wa maji ya sinki ni mdogo. Kila ziwa lenye hewa nyuma yake linakula sehemu ya msukumo huo.

Mdomo wa mpira uchovye kwenye maji ya moto dakika moja, upake sabuni, ndipo uuvishe. Grisi usitumie. Klipu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na sumaku uende nayo dukani: parafujo ikinatana nayo kwa nguvu, iache. Chumvi ya pwani itaimaliza.

Mwenye HiAce, Jambiani
Ahsanteni sana. Mpira mpya na pumzi vimekaa, lita 2 zinashuka sekunde 14. Lakini sasa harufu ya tangi inapanda ndani ya gari. Nimekosea wapi?

Fundi Bomba, Mwanakwerekwe
Hujakosea, hilo nililisahau mimi, niwie radhi. Yale maji yaliyotuama katika mpira uliolegea ndiyo yaliyokuwa yanazuia harufu. Sasa weka trapu fupi chini ya sinki, yaani bomba lililopinda linalobakiza maji ya kuzuia harufu, yenye maji ya sentimita 4 au 5, ukiacha nafasi ya kuifungua kwa mkono. Nafasi ikikosekana, kizibo kikae sinkini saa zote. Gari likilala wiki nzima, mimina kikombe cha maji, trapu isikauke.

Mtu wa Boti, Mkoani
Na sufuria la tui lipanguse kwa gazeti kabla ya kuosha. Ukiegesha mchangani, weka pimamaji sakafuni, upande wa tangi uwe chini kidogo. Maji ya tangi usiyamwage karibu na kisima: chini yetu ni jiwe la matumbawe, halichuji kitu.

Mwenye HiAce, Jambiani
Nanunua trapu kesho, inshallah. Nitapima tena kwa lita 2 zile zile.