Mke wangu ameanza Game of Thrones, nimwambie mwisho wake?

Mleta uzi
Habari zenu wakuu. Tahadhari kwanza: humu ndani kuna siri za mwisho wa tamthilia za Game of Thrones na Lost. Kama hujamaliza, pita kushoto.

Mke wangu miaka yote alikuwa anasema mambo ya majoka hayamhusu. Majuzi kakuta naangalia kipande tu, kakaa, na sasa yuko msimu wa 4 na kulala halali. Kila usiku ananivuta tuangalie wote. Daenerys, yule malkia mwenye majoka, ndiye kila kitu kwake, mpaka ameanza kusema tukijaliwa binti tumpe jina hilo.

Mimi niliimaliza mwaka 2019 ikiwa bado inarushwa, na tangu hapo sijairudia hata episodi moja. Na nilikuwa mtu wa kurudia misimu mizima kila mpya unapokaribia!

Sasa nifanyeje? Nimwambie aishie msimu wa 6 abaki na utamu wake? Nimpe mwisho mzima mapema ajiandae? Au ninyamaze? Hilo la jina la mtoto ndilo linaninyima amani. Naombeni ushauri, kejeli kidogo tu.

Mzee wa Misimu
Mkuu, aishie wa 6, usijiulize mara mbili. Pale mwishoni Malkia Cersei kashakalia kiti cha enzi, Daenerys yuko baharini na meli zake, majoka matatu juu, anaelekea Westeros kukigombea. Zima runinga. Kichwa cha mkeo kitamalizia vizuri kuliko walivyolipua wale waandishi. Watu zaidi ya milioni 1 walisaini ombi mtandaoni wakitaka msimu wa 8 utengenezwe upya. Ingawa mwaka huohuo ikabeba Emmy ya tamthilia bora, hapo ndipo nilipoacha kuamini tuzo.

Kurasa Elfu
Mzee, unamfichaje mtu mzima misimu miwili? Simu anayo.

Mimi ugomvi wangu na ule mwisho si yaliyotokea, ni mwendo. George R. R. Martin, mwenye vitabu vilivyozaa tamthilia hii, alitoa kitabu cha tano mwaka 2011, mwaka uleule tamthilia ilipoanza, na cha sita tunakingoja. Waandishi wa tamthilia wakavipita vitabu. Martin alishawadokezea mambo makubwa ya mwishoni, kwa hiyo walijua wanakokwenda, ila njia ya kufika huko ikabidi waichonge wenyewe. Na badala ya kujipa nafasi wakajibana: misimu sita ya kwanza ina episodi 10 kila mmoja, wa 7 ukawa na 7, wa 8 ukawa na 6.

Linganisha safari tu. Msimu wa kwanza, mfalme anatoka Winterfell, kaskazini, kwenda King's Landing, mji wake mkuu, na njiani watoto wanagombana, mbwa mwitu anauawa bila kosa, ndugu wawili wanaanza kuchukiana. Safari yenyewe ndiyo hadithi. Njoo msimu wa 7: kikosi kimezingirwa na wafu kaskazini, mmoja wao, Gendry, anakimbia mpaka kwenye ule Ukuta wa barafu, kunguru anarushwa na ujumbe mpaka Dragonstone, kisiwa anakokaa Daenerys, Daenerys anapanda joka anafika, na wenzake Gendry bado wamesimama kwenye kile kijiwe katikati ya barafu wakimngoja. Episodi moja!

Kuhusu Daenerys mwenyewe, mkeo yuko pazuri. Msimu huohuo wa 4 anawagongomelea mabwana wa watumwa 163 wa mji wa Meereen kwenye miti, mmoja kwa kila mtoto waliyemuua. Mshauri wake Ser Barristan anamsihi awe na huruma, anagoma. Sisi tulishangilia, maana walistahili. Kwa hiyo dalili zilikuwepo. Lakini kutoka kuwaadhibu wenye hatia mpaka kuchoma raia wakati kengele za kusalimu amri zimeshalia, hapo palihitaji msimu mzima wa kumwona akibadilika. Tukapewa uso wake umekunjamana juu ya joka, dakika moja, kisha moto.

Ukuta Umeanguka
Bran, yule kijana wa Winterfell anayeishia kuwa mfalme, mmemsahau? Hata waandishi walimsahau. Msimu wa 5 wote hayumo, hata kivuli. Halafu Tyrion anasimama mbele ya mabwana kuwaambia hakuna mwenye hadithi nzuri kumshinda Bran, apewe ufalme. Hadithi gani, ya likizo?

Mzee wa Misimu
Na kile kikombe cha kahawa cha kisasa walichokisahau mezani, msimu wa 8 episodi ya 4. Walikifuta baadaye, ila tulishakiona.

Mama Tamthilia
Mwenzenu kaomba ushauri wa ndoa, ninyi mnajadili vikombe.

Kaka, nakuambia kama mke. Wangu alinikata stimu ya Lost. Nikiwa msimu wa 2 akaniambia, "Usijisumbue, hao wote walikufa tangu ndege ilipoanguka." Nikaangalia misimu sita nikiwaona maiti. Nafika episodi ya mwisho, ile ya 2010, baba yake Jack, yule mhusika mkuu, anamwambia mwanawe kwa mdomo wake kwamba yote yaliyotokea kisiwani yalikuwa kweli, na kila mtu alikufa kwa wakati wake, wengine baada yake kwa miaka mingi. Ule upande wa pili wa msimu wa 6 tu ndio mahali pa kukutania baada ya kufa. Yaani niliharibiwa utamu, tena kwa uongo! Mpaka leo namkumbusha.

Mwache aangalie. Ila kaa naye, na ukifika msimu wa 7 usianze miguno na kucheka puani, wanaume mnapenda sana hiyo. Jina la mtoto mwambie mtachagua mkishamaliza. Asipokasirika na mwisho, basi mtoto na aitwe hivyo, tatizo litakuwa lako.

Kurasa Elfu
Naunga mkono. Akibaki na arosto, mpe The Wheel of Time, vitabu, vipo 14. Mwandishi wake, Robert Jordan, alifariki 2007 hajamaliza, lakini aliacha maelezo na tukio la mwisho kabisa alishaliandika. Mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, akaongeza vitabu vitatu, cha mwisho 2013. Si vyote vitamu, kuna viwili vitatu katikati vinavyotambaa, lakini mwisho unafika kwa miguu yake.

Mleta uzi
Asanteni wakuu, Mama Tamthilia nimekuelewa. Jana nikafuata ushauri, nikamwambia taratibu kwamba suala la jina tulisogeze mpaka tumalize tamthilia. Akasimamisha picha, akanigeukia: "Kwa nini? Anafanya nini?" Nikakohoa.

Mzee wa Misimu
Mkuu, ulishamwaga mtama.