Wazazi wanapanda meli ya kitalii Civitavecchia, walale Roma siku ngapi kabla?

Binti_Kibosho

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo hasa nyie wa Arusha mnaoshinda na mambo ya usafiri. Sisi watoto tumechangishana tukawanunulia wazazi safari ya meli ya kitalii, wiki nzima Mediterania, wanatimiza miaka 40 ya ndoa na mambo ya ukumbi na kamati na kusumbua watu michango tumeona basi, bora wazee wakatembee. Meli inaondoka Civitavecchia kule Italia, Ijumaa mwishoni mwa Septemba saa kumi na moja jioni, inapita Santorini, Kuşadası, Mykonos, halafu inarudi palepale ilipoanzia.

Ubishi sasa uko nyumbani. Braza ambaye ndo katoa hela nyingi anasema waondoke KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) Alhamisi, wafike Roma Ijumaa alfajiri, wapitilize bandarini, hoteli ya nini na kwenye meli kitanda na msosi vimeshalipiwa. Mimi roho inakataa. Kwanza mama ni WAWATA (wanawake wakatoliki) damu damu, aje asikie alitua Roma akaondoka hajaiona Vatikani, hapo hatutaongea mpaka Krismasi. Pili mzee magoti yanamsumbua na hawajawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki, Nairobi ndo mwisho. Je walale usiku mmoja, mbili au tatu? Walale wapi? Na hapo Civitavecchia wanafikaje na mabegi?

Msafirishaji_Njiro

Dada mwambie braza meli haina cha kusubiri. Kama inaondoka saa kumi na moja basi dirisha la kuandikisha abiria linafungwa mapema zaidi, wengi ni saa moja au saa moja na nusu kabla, na Civitavecchia siyo Roma, ni mji mwingine wa pwani kama kilomita 70 hivi kutoka mjini. Ndege ikichelewa masaa manne tu mnaanza kuhesabu dakika. Sisi huku wageni wa kupanda mlima tunawalazimisha wafike Moshi walau siku moja kabla, siyo kwamba tunapenda wale hela hotelini, ni kwa sababu begi likibaki Addis au Doha kesho yake linakuja, mgeni akishafika Machame geti ndo imetoka hiyo. Na meli ndo hivyohivyo ila mbaya zaidi, begi la mama likifika Roma yeye yuko Ugiriki.

Kwa hiyo usiku mmoja ni lazima, mbili ni vizuri. Lakini mimi hoteli siyo inayonitia wasiwasi, nina wasiwasi na viza. Mmeombaje? Kuşadası ni Uturuki, na Uturuki haipo Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Santorini na Mykonos hazina shida maana Ugiriki imo, ila wakishashuka Uturuki wamehesabiwa wametoka, na kurudi Italia ni kuingia mara ya pili. Wakipewa viza ya kuingia mara moja hawapandi hiyo meli, watazuiwa palepale kwenye kuandikishwa maana kampuni za meli zinakagua viza kabla ya kukupa kadi ya chumba. Waambieni ubalozi tangu mwanzo, ratiba ya meli iambatanishwe, fomu ijazwe kuingia zaidi ya mara moja. Na msichanganye, mnaomba Italia kwa sababu ndo wanakokaa siku nyingi, mkipunguza siku za Italia sana mtaanza kuulizwa mbona hamkwenda Ugiriki. Hiyo nayo ni sababu ya kulala Roma, mwambie braza.

Binti_Kibosho

Mungu wangu hiyo ya Uturuki hakuna aliyeiwaza. Bado hatujaomba, tulikuwa tunasubiri mzee apate pasi mpya.

Msafirishaji_Njiro

Basi mko salama, wanapokea maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari, msisubiri zile siku 15 za mwisho. Ada ni euro 90 kila mtu na bima ya safari isipungue euro 30,000. Wazee wajiandae kwenda Dar wenyewe, alama za vidole hazitumwi na mtoto.

mangi_wa_Majengo

Mimi nampinga kila mtu hapa. Roma ya nini? Walale hukohuko Civitavecchia, asubuhi wanaamka wanaona meli dirishani, wanaburuza mabegi wamefika. Roma ni vibaka, joto, hoteli bei ya ng'ombe. Wazee hawa magoti mabovu mnataka kuwazungusha kwenye magofu ili mpate picha za status

Dada_Sakina

@mangi_wa_Majengo mangi wewe umesoma swali lote? Mama ni WAWATA. Unamleta mpaka Italia unamlaza mji wa bandari anaangalia feri za Sardinia, siku nzima amekaa. Civitavecchia ina ufukwe mzuri wa kutembea na ile ngome ya Michelangelo, ukimaliza hapo unamaliza.

Dada pole kwa kuandika refu, nilikaa Roma kimasomo kwa hiyo hapa sina budi. Mimi ningefanya usiku TATU na nitakwambia kwa nini. Meli ni Ijumaa. Papa anakutana na watu kila Jumatano asubuhi, ndo ile katekesi mnayoionaga kwenye TV, na kuingia ni bure kabisa. Kwa hiyo waondoke KIA Jumatatu, Jumanne asubuhi wako Roma, siku hiyo wapumzike tu, Jumatano mama anamuona Papa Leo kwa macho yake, Alhamisi wanamalizia Basilika la Mtakatifu Petro, Ijumaa wanaenda zao melini. Ukifanya usiku mbili unaikosa Jumatano kwa masaa machache, inauma.

Tiketi za Jumatano msinunue popote, mtu akiwauzia mtandaoni anawauzia kitu cha bure. Zinaombwa ofisi ya Vatikani inayoitwa Prefettura, au siku moja kabla mnazifuata kwenye Mlango wa Shaba pale uwanja wa Mtakatifu Petro, wale walinzi wa Uswisi wenye nguo za mistari ndo wanagawa. Na paroko wenu mwambieni, mapadre wetu wa huku wanaosoma Roma ni wengi, wengi wako pale chuo cha Urbaniana juu ya kilima karibu na Vatikani penyewe, akipatikana mmoja akawapokea wazee Kiswahili kikasikika, mzee presha inashuka yenyewe. Wawahi tu, ukaguzi ni kama uwanja wa ndege na foleni inaanza mapema. Mzee akiwa kwenye kiti cha magurudumu anapangiwa sehemu ya mbele, asione aibu kukitumia hata kama anatembea kidogo.

Kulala: tafuteni nyumba za masista karibu na Vatikani, wanaziita casa per ferie. Siyo hosteli, ni vyumba visafi vya watu wawili vyenye bafu ndani, chai ya asubuhi ipo, bei nafuu kuliko hoteli za jirani, ubaya wake nyingine zinafunga geti usiku saa tano sijui saa sita, sasa wazazi wako saa tano usiku wanatafuta nini nje. Kabla ya kulipa ulizeni LIFTI, majengo ya Roma ni ya zamani na kuna sehemu unapandisha ngazi na begi ghorofa nne. Pia kuna kodi ya mji ambayo haimo kwenye bei ya mtandaoni, inalipwa palepale, kwa hoteli ya nyota 3 ni euro 6 kila kichwa kila usiku, ya nyota 4 ni 7.50. Siyo wizi, wasije wakagombana na sista.

Na eneo hilo la Vatikani lina stesheni yake, Roma San Pietro, treni ya mkoa inatoka hapo moja kwa moja mpaka Civitavecchia chini ya saa moja, haina haja ya kwenda kuhangaika Termini, stesheni kuu. Wakishuka Civitavecchia kuna basi la kulipia nje ya stesheni linawapeleka Largo della Pace, ndo kama stendi ya abiria wa meli, kutoka hapo mabasi ya bandari ni bure hadi kwenye meli yenyewe. Usiwaache watembee na mabegi toka stesheni.

Kijana_wa_Mbuyuni

Naongezea hapo kwa treni. Italia wanagoma sana na siku ya mgomo mara nyingi ni Ijumaa, nadhani na wao wanapenda wikiendi ndefu. Mgomo unatangazwa kabla na sheria inawalazimisha waendeshe treni za kawaida siku za kazi saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Ile ya jioni haiwasaidii meli imeshaondoka. Kwa hiyo Ijumaa hiyo wapande treni ya saa mbili asubuhi hata kama hakuna mgomo, wakafike mapema wakae, au wakodishe gari la kuwatoa mlangoni hadi bandarini. Tiketi za karatasi za treni za mkoa zinagongwa kwenye mashine kabla ya kupanda, usipogonga una tiketi na bado unapigwa faini.

Binti_Kibosho

Dada Sakina Mungu akubariki, nimemsomea mama hiyo ya Jumatano yuko jikoni anaimba. Kutoka uwanja wa ndege je? Wakifika alfajiri chumba kitakuwa wazi?

Dada_Sakina

Hakitakuwa wazi, vyumba ni kuanzia saa nane tisa mchana, ila mabegi wanapokea. Waombeeni masista mapema, wakisikia ni wazee wametoka Tanzania usiku kucha wanaweza kuwahi kufungua.

Toka Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, kuna treni inaitwa Leonardo Express, euro 14, nusu saa iko Termini, ila kwenu haifai maana Termini ni upande mwingine wa mji na ndo kijiwe cha vibaka, hapo nampa mangi haki yake. Chukueni teksi. Teksi nyeupe za mji zina bei moja iliyopangwa toka uwanjani hadi ndani ya kuta za kale za Aurelian, ni hamsini na kitu euro kwa gari zima na mabegi yake, na kwa kuwa Vatikani iko ukingoni mwa hizo kuta wakubaliane bei kabla hajawasha. Yule anayekufuata ndani ya jengo la uwanja akikwambia "taxi taxi" wasimjibu.

Na kama tiketi ni ya kupitia Amsterdam wajue ukaguzi wa pasi utakuwa Schiphol siyo Roma, Ulaya wanaingilia pale, sasa hivi wanakagua vidole na kupiga picha, msiwakatie ndege ya kuunganisha ya dakika 50 mkawaua wazee kwa mbio.

Viatu! Mawe ya barabara za Roma yale madogomadogo meusi ni adui wa goti, viatu vya soli nene, mama aache vile vya harusi. Kuba la Basilika mzee asijaribu, hata ukipanda lifti bado zimebaki ngazi 320. Ndani ya kanisa penyewe ni bure na ni tambarare. Mabega na magoti yafunikwe, mama na kitenge chake hana shida. Makumbusho ya Vatikani kama wataenda mnunue mtandaoni kabla, wana viti vya magurudumu vya kuazima bure. Koloseo mkiitaka, tiketi zinaandikwa jina la mtu na wanakagua pasi, mimi kwa goti hilo ningewapitisha nje tu na gari. Maji msinunue, mabomba ya mtaani yanayotiririka muda wote ni ya kunywa, yapo zaidi ya 2,000 mji mzima.

mangi_wa_Majengo

Haya nimekubali, Papa ni Papa. Ila kahawa wanywe wamesimama kaunta, wakikaa mezani bei inapanda. Na zile ngazi za Kihispania zinazopigwaga picha usikae, polisi wanatoza faini mamia ya euro. Mzee goti likimuuma akakaa pale mmeuza ng'ombe

Msafirishaji_Njiro

Kuna basi namba 64 linalotoka Termini kwenda Vatikani, hilo lipeni jina la basi la vibaka mkapumzike. Pochi ndani ya nguo.

Binti_Kibosho

Mrejesho wakuu. Braza kakubali usiku tatu, kilichomlainisha ni hiyo ishu ya viza siyo Papa, anaogopa hela yake ipotee. Paroko kasema kuna padre wa jimbo yuko Roma atamwandikia. Kesho naanza kutafuta nyumba ya masista yenye lifti.

Swali la mwisho na msicheke, mzee anasema hawezi kwenda kwa padre mikono mitupu, anataka abebe ndizi, kahawa na nyama ya kukausha. Mama naye ana kibuyu cha mtindi kichwani mwake.

Dada_Sakina

Nyama na maziwa ya aina yoyote ni marufuku kuingia Ulaya kwenye begi la abiria, mtindi nao ndo haohao maziwa, wataupoteza pale pale forodhani na faini juu. Kahawa ya kukaangwa inapita. Ndizi sasa, amini usiamini, matunda karibu yote yanadaiwa cheti cha afya ya mimea isipokuwa matano, nanasi, nazi, duriani, tende na NDIZI. Mzee abebe mkungu wake.

mangi_wa_Majengo

Siyo mkungu mzima jamani, chane moja, kuna begi la kilo 23 hapo

Binti_Kibosho

Kasema chane mbili, na moja iwe mbichi ili ifike haijaiva.