Kwenda Washington na RV: tupite wapi, tulale wapi?

Habarini ndugu,

Shule zikifungwa tunataka kuwapeleka watoto Washington, na safari hii tuko sita: sisi wawili, watoto watatu, na mama mkwe aliyekuja kututembelea. Bei ya vyumba viwili vya hoteli kwa siku tano imetutoa jasho, ndipo baba watoto akaja na wazo la kukodi RV, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani. Anasema tutalala humo, tutapika humo, na asubuhi tutaegesha karibu na makumbusho. Tunatokea Worcester, Massachusetts. Hakuna kati yetu aliyewahi kuendesha kitu kikubwa kuliko minivan. Leseni ya kawaida inatosha? Naombeni mawazo kabla hatujalipa amana.

Mama Mapacha

* * *

Mama Mapacha, salamu nyingi kwa mama mkwe.

Leseni isikuumize kichwa. RV za kukodi ziko chini ya pauni 26,000, leseni ya gari dogo inatosha. Kitakachowasumbua ni kimo.

Mimi naendesha malori, hiyo barabara kuu ya I-95 nimeipita hadi nimechoka nayo. RV zile zenye kitanda juu ya kichwa cha dereva hufika futi 11 au 12 ukihesabu na kiyoyozi cha juu ya paa. Simu yako haijui hilo. Itawatafutia njia ya mkato, na ukiwa Connecticut mkato huo mara nyingi ni Merritt Parkway, barabara ya magari madogo, ambako kimo cha mwisho ni futi 8. Parkway za New York nazo zina madaraja ya chini. Na hapo jirani yenu Boston, kila tarehe mosi Septemba wanafunzi wakihama, hakosekani mmoja wa kuchuna paa la lori la kukodi pale Storrow Drive. Bango lipo, kubwa, anakuja kulisoma akishakwama. Andikeni kimo cha gari kwenye karatasi, mkibandike mbele ya dereva, kwa futi na inchi.

Njia ambayo ningepita mimi: I-84 hadi Danbury na mbele kidogo, I-684 kushuka, kisha I-287 kuvuka Hudson kwa daraja la Mario Cuomo na kuizunguka New Jersey hadi Turnpike, barabara yao kuu ya kulipia. Jiji la New York hamligusi kabisa.

Halafu kuna gesi, na hili wengi hawalijui hadi wanasimamishwa. RV ina tangi la propani la jiko, na kwa kawaida linazidi pauni 10 zinazoruhusiwa kwenye mahandaki ya Baltimore, yote mawili, Harbor na Fort McHenry. Kufunga koki hakubadilishi kitu, wanaangalia ukubwa wa tangi. Zamani tulikuwa tunazungukia daraja la Francis Scott Key, lakini tangu meli ilibomoe Machi 2024 njia iliyobaki ni I-695 upande wa magharibi, kupitia Towson, hadi muikute tena I-95 kusini ya mji. Msiifanye saa za watu kutoka kazini.

Kona nazo: makalio ya RV yako nyuma sana ya matairi. Mimi mwenye uzoefu wangu wote niliwahi kukwangua nguzo ya kituo cha mafuta nikiondoka taratibu kabisa. Ulizeni bima mapema, maana bima ya gari lenu mara nyingi haifuati RV ya kukodi, wala ile ya kadi ya benki. Na hata mkinunua ya mwenye gari, someni wanasema nini kuhusu paa.

Dereva wa Usiku

* * *

Dada yangu, sisi tulifanya safari hiyo hiyo tukiwa watano. Mwambie shemeji kwa upole kwamba ile ya kuegesha karibu na makumbusho aisahau. Mkishaingia kambini, RV inakaa hapo hadi siku ya kuondoka.

Tulilala Cherry Hill Park, College Park, Maryland. Kuna umeme, maji, bwawa la watoto kuogelea. Kutoka kambini mnatafuta usafiri hadi kituo cha Metro, treni za mjini, cha College Park, mnapanda laini ya kijani, mnashuka Archives, na makumbusho ya Smithsonian yako mbele yenu, kuingia bure. Lile la historia ya Wamarekani Weusi lililofunguliwa 2016 nalo ni bure, ila lazima muwe na tiketi zenye saa. Zichukueni mtandaoni mkiwa bado nyumbani. Kuna pia Greenbelt Park ya serikali, nafuu zaidi, chini ya miti, lakini haina umeme wa kuchomeka. Julai ya Washington bila kiyoyozi, na mama mkwe ndani? Hapana.

Umeme wa ampea 30 ni wati 3,600 basi. Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, ukiwasha maikrowevu na mwingine akakausha nywele, giza. Tulizimikiwa mara tatu siku ya kwanza.

Sasa choo, na mnaokula mniwie radhi. Kuna tangi la choo na tangi la maji ya kuogea na vyombo. Msiache koki ya choo wazi muda wote eti kwa sababu bomba limeunganishwa: maji yanatangulia, vingine vinabaki na kukauka. Subirini lijae vya kutosha, fungueni la choo kwanza, kisha lile la kuogea lisafishe bomba. Glavu. Na mumteue mwenye kazi hiyo kabla ya safari. Sisi hatukuteua, tukagombana mbele ya majirani.

Mama wa Laurel

* * *

Hamjambo. Hesabu tu kidogo. Kwenda ni kama maili 400, na RV hula galoni moja kwa maili 8 hadi 10, kwa hiyo kwenda na kurudi ni galoni 80 hadi 100. Ongezeni kodi ya siku, maili za ziada, saa za jenereta na ada ya kambi. Kwa watu wawili ningesema pandeni treni. Kwa sita wenye mzee asiyependa chakula cha hotelini, linganisheni kwanza.

Mjomba wa Delaware

* * *

Asanteni sana wote. Tumepiga hesabu usiku kucha: RV haijawa rahisi kuliko hoteli, tofauti ni ndogo mno. Lakini mama mkwe alisikia habari za jiko ndani ya gari, na sasa anauliza kila asubuhi lini tunaondoka. Tumeshalipa. Kambi tumepata siku nne badala ya tano. Njia ya Towson nimeichora kwa mkono, na baba watoto amekubali kazi ya bomba.

Swali moja la mwisho: mama mkwe anaruhusiwa kujilaza kitandani gari likiwa linakwenda?

Mama Mapacha

* * *

Hapana, Mama Mapacha. Akae kwenye kiti, afunge mkanda, na muhesabu mikanda kabla ya kusaini. Vitanda sita si lazima viwe na mikanda sita.

Dereva wa Usiku