Marafiki wa Moshi, ukienda kusoma nje mnakugeuza mfuko wa michango. Nimechoka!

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie, nina hasira na leo simezi kitu.

Mimi ni binti wa Kiborloni, Moshi. Nasoma shahada ya pili Ujerumani. Kabla hamjaanza na "dada wa majuu tukumbuke", ngoja niwaambie hayo majuu yakoje, maana ugomvi wote unaanzia hapo.

Ukienda Ujerumani bila ufadhili, ubalozi unataka uthibitisho kwamba una hela ya kuishi mwaka mzima. Wengi wetu tunafungua akaunti maalumu, tunaweka euro 11,904 na inafungwa. Ukifika unaachiwa euro 992 kwa mwezi, basi. Siyo mshahara huo, wala hakuna serikali inayokugawia. Ni hela yako uliyotoka nayo nyumbani. Yangu ilitoka kwenye kiwanja alichouza mzee kule Njia Panda ya Himo, pamoja na mkopo wa mama wa SACCOS ambao bado unalipwa. Humo humo kuna kodi ya chumba, bima ya afya, chakula na ada ya muhula. Kazi unaruhusiwa, lakini kwa kipimo: siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280. Ukizidisha unahatarisha kibali chako. Mimi jioni naosha vyombo kwenye mgahawa.

Sasa nije kwa rafiki yangu. Tumeanza naye form one, bweni moja, tumepakatana kwenye daladala za Himo siti moja watu wawili. Alipofiwa na baba yake nililala kwao mpaka matanga yalipoisha. Huyo siyo mtu wa salamu za stendi.

Ameolewa mwaka huu. Habari za harusi yake sikuzisikia kutoka kwake, nilijikuta tu nimeongezwa kwenye grupu la WhatsApp. Juu kuna picha ya maharusi, chini mweka hazina ameandika: "Wapendwa, single laki moja, double laki moja na nusu. Waliopo nje ya nchi waanzie laki tano." Kushuka chini kwenye orodha ya ahadi nakuta jina langu, pembeni kibendera cha Ujerumani, mbele yake 500,000. Nani aliahidi? Sikuwa hata nimesema hongera!

Nikamwandikia bi harusi pembeni. Nilimuuliza mambo ya marafiki: besti, mama ameipokeaje, gauni umepata, huyo shemeji mmekutana wapi? Akakaa kimya weee, akaja kujibu: "Aisee niko bize na kamati, ila usituangushe, wewe ndio tunakutegemea."

Nilituma laki mbili, na hizo nilijibana kwelikweli. Mweka hazina akaandika mbele ya watu wote: "Asante dada kwa kupunguza ahadi, tunasubiri umalizie." Nilitetemeka kwa hasira, mikono ina povu la sabuni.

Siku ya harusi niliomba kitu kimoja tu. Mtu yeyote anishikie simu kanisani nione wanavishana pete, dakika tano zinatosha. Nilibadilishana zamu na mwenzangu kazini kwa ajili hiyo. Nikapiga, simu ikaita mpaka ikakata. Kila niliyempigia, hivyo hivyo. Jioni ndiyo nikaona kwenye stetasi za watu: ndafu inakatwa, na wale wasichana wote wa form one wamesimama mstari mmoja wamevaa sare ya kitambaa cha kijani. Kitambaa hicho kilichaguliwa lini? Kwenye mchango nilikumbukwa wa kwanza, kwenye sare hakuna aliyenitaja. Mita tatu za kitambaa ningenunua, fundi ningemtafuta hata huku. Na hiyo sare ndiyo imeniuma kuliko hela.

Halafu hao hao wanasema nimebadilika! Niliweka picha nakula na jirani yangu wa korido, tunatumia jiko moja. Mmoja wao akaandika, "Umepata wazungu wako, sisi wa Kiborloni tumekuwa takataka." Huyo dada katoka Vietnam, na yeye kwao wamejibana kama sisi. Nilipolala na homa aliniwekea bakuli la uji wa wali na tangawizi mlangoni, akagonga akaondoka. Mlitaka nisiwe na rafiki huku? Rafiki Ujerumani hapatikani kwa kupita kwake kubisha hodi kama tulivyozoea. Mnapanga siku mapema, na saa mliyopanga ni saa hiyo hiyo. Siku yako ya kuzaliwa keki unapeleka wewe. Nimejifunza yote hayo kwa upweke mkubwa, sasa nikimpata mtu mmoja wa kucheka naye ananuniwa na watu wasiopokea simu yangu.

Na msiniambie habari za umbali au masaa. Kipindi cha baridi tunapishana saa mbili, kiangazi saa moja tu. Nina rafiki anauza ndizi soko la Mbuyuni, hata stashahada hana. Ananitumia sauti asubuhi akishusha mzigo, nasikia makonda wanaita abiria nyuma yake. Ananiambia mkungu umepanda bei, nani kajifungua, leo mlima umefunguka. Nami usiku nikitoka kazini namjibu, anasikiliza akiamka. Hajawahi kuniomba hata vocha. Mtoto wake alipoumwa niligundua mwenyewe kwenye sauti yake, nikatuma bila kuombwa.

Juzi nimeongezwa kwenye grupu jipya, sendofu ya mwingine wa darasa letu, na jina langu tayari lina tarakimu mbele. Nimetoka. Sitarudi, na mkiniongeza nitatoka tena. Desemba nipo Kiborloni mpaka mwaka mpya. Anayetaka kukaa na mimi aje nyumbani tunywe chai tupige stori. Anayekuja na karatasi ya ahadi aishie getini.