Fundi anasema nimpe hela aniletee ripoti ya ukaguzi, gari ikiwa imepaki hapa hapa nyumbani. Nikubali?

Mkazi wa Goba
Wakuu habari za jioni. Nina Spacio yangu nilikua naitumia kwenda nayo kazini, sasa ofisi wamenihamishia karibu na nyumbani gari inakaa tu uani inakula vumbi, nikaona nimkabidhi dogo mmoja mtoto wa baba mdogo aiingize kwenye teksi mtandao tupate hata hela ya mboga. Kuulizia makaratasi naambiwa lazima gari ikaguliwe na trafiki ipate ripoti ndo uombe leseni LATRA, wale wa usafiri wa nchi kavu, na stika ya Nenda kwa Usalama iliyopo kwenye kioo ni ya zamani imeshapauka.

Sasa fundi wangu ananiambia hamna haja ya kupeleka gari, nimpe kopi ya kadi na hela ya maji kuna jamaa yake atanimalizia, kila kitu kinakuja mpaka nyumbani. Muda sina kwa kweli na nilitaka kukubali ila roho inasita. Gari yenyewe sio mbaya, inapiga tu ko ko ko mbele kushoto nikipita kwenye matuta na hii njia yetu yenye mashimo. Kwenye dashibodi hakuna taa yoyote inayowaka, hata ile ya ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisifunge ukikanyaga breki, sijawahi kuiona tangu ninunue so naamini breki ziko poa.

Naomba kujua wanaangalia nini hasa, nianzie wapi, na hili la fundi mnalionaje.

Chuma Chakavu
Gari ikaguliwe ikiwa uani na mkaguzi akiwa baa 😂😂 hii nchi bwana

Dereva Mstaafu
Mkuu anza na makaratasi kabla hujagusa spana, maana watu wengi wanakwama kwenye vitu vya mezani wala sio chini ya gari.

Kwanza deni. Ingia kwenye mfumo wa TMS wa polisi uweke namba ya gari uone kama kuna faini, trafiki akikuandikia kosa moja ni 30,000 na ukisahau kulipa linakaa pale pale linakusubiri. Unapata kontrol namba unalipia kwenye simu biashara imeisha.

Pili bima. Usiangalie stika peke yake, hakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, unaweka namba ya gari inakuletea bima yako ipo hai au haipo. Kuna watu wamekatiwa bima na vijana wa mtaani, karatasi nzuri inang'aa ila kwenye mfumo hamna kitu. Na kwa vile unaenda kubeba abiria usije na bima ya gari binafsi, badilisha iwe ya biashara, mkataba wa bima unaangalia matumizi.

Tatu namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi. Hizi Spacio nyingi zimeshabadilishwa injini huku mtaani, kama yako imebadilishwa na hukwenda TRA kubadili taarifa utaulizwa. Hivyo hivyo rangi, kadi inasema silva gari imepigwa nyeusi ya kung'aa, hapo unaanza kujieleza.

Halafu kuna wanaochanganya mambo, ile rodi laisensi ya TRA ya kila mwaka ilishafutwa tangu bajeti ya 2017, mtu asikudanganye ulipie. Ukaguzi ni kitu kingine kabisa.

Fundi wa Chini
Kaka mimi nimekusoma mpaka kwenye hiyo taa ya ABS nikasimama. Kesho asubuhi fanya hivi, washa swichi mpaka ON bila kupiga stata. Taa zote za dashibodi zinatakiwa ziwake, ya injini, ya oili, ya ABS, ya ayabegi, halafu ukiwasha gari zinazima zenyewe baada ya muda mfupi. Taa ambayo haiwaki KABISA hata kwenye ON ni kwamba balbu imekufa au kuna mjanja kaichomoa ili amuuzie mtu gari. Wengine wanaiunganisha na waya wa taa ya oili ziwe zinazima pamoja, hapo angalia kama zinazima sekunde ile ile. Sasa wewe unasema hujawahi kuiona tangu ununue, mimi hapo naogopa kuliko ungeniambia inawaka muda wote.

Huo mlio wa ko ko ko mbele kushoto usibahatishe. Mara nyingi ni stabilaiza linki, hiyo ni rahisi na gari haiwezi kukuua, inapiga kelele tu. Ila inaweza kua bolijointi ya chini, kile kiungo kinachoshikilia mguu wa tairi, na ikichomoka ukiwa kwenye mwendo tairi inalala gari inakaa kwenye lami, umeshaona zile gari zimekaa katikati ya barabara mguu mmoja umekunjika? Ndo hiyo. Kupima ni hivi, gari ipigwe jeki mguu uelee, weka stendi chini usiamini jeki. Shika tairi juu na chini utikise, ikicheza muangalie mtu aliye na tochi anaona nini kinacheza, ni beringi ya habu au bolijointi. Halafu shika kushoto na kulia utikise, ikicheza hapo nenda kwenye tairodi na stelingi reki. Bushi za amu unazichungulia tu kama raba imepasuka. Shokapu ikivuja oili utaiona imelowa na vumbi limeganda.

Tairi watu wanaangalia kashata tu, yaani yale meno ya juu ya tairi. Angalia na umri, ubavuni kuna neno DOT na mwisho wake kuna tarakimu 4, mfano 2317 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2017. Tairi inaweza kua na kashata safi kabisa ila raba imezeeka imeanza vinyufa vinyufa, jua la hapa Dar halina huruma. Na ndani ya mifereji ya kashata kuna vidaraja vidogo vya raba, kashata ikilingana na vile vidaraja imebaki milimita 1.6 hiyo tairi imeisha usibishane na mtu. Ikiwa imeliwa upande mmoja tu usinunue mpya kabla ya wili alaimenti utakua unatupa hela.

Breki. Tafuta barabara iliyonyooka haina watu, tembea kama 40 hivi, legeza mikono kwenye stelingi bila kuiachia, kanyaga breki. Gari ikivuta upande mmoja kuna upande haushiki, inaweza kua pistoni ya kalipa imeganda au pedi zimelowa grisi au oili. Handibreki ipime kwenye mlima kidogo, pale Goba milima ipo ya kutosha. Kama unaivuta mpaka inafika kwapani ndo inashika basi kavute kebo na uangalie brekishuu za nyuma. Na kama gari ilishapita kwenye maji ya mafuriko masika yaliyopita fungua dramu za nyuma usafishe, matope yanabaki mule.

Moshi nao usisahau, wa bluu injini inakula oili, mweusi mafuta mengi hayaungui, mweupe usioisha hata injini ikipata moto maji yanaingia kwenye silinda.

Mtu wa Mjini
Ndugu zangu tuwe wakweli, hayo yote ya bolijointi nani anaangalia? Kila mwaka naona watu wanabandikiwa stika gari hazijafunguliwa hata boneti. Mkaguzi anazunguka mara moja, washa taa, piga indiketa, piga honi, trianglo ipo? mtungi wa kuzimia moto upo? nenda zako. Mnamtisha bure mwenzenu, ampe fundi hela yake aendelee na maisha.

Mama Wawili
@Mtu wa Mjini hilo la stika kutolewa kiholela hata mimi nalijua sikatai, ila unamshauri vibaya huyu mwenzetu. Yeye haendi kuendesha mwenyewe, anamkabidhi mtoto wa watu abebe watoto wa watu. Mimi nina gari mbili za biashara nakwambia ikitokea ajali yenye majeruhi gari inapelekwa kituoni inakaguliwa upya na siku hiyo mkaguzi anainama kweli kweli mpaka chini. Akikuta breki ilikua mbovu ya siku nyingi na wewe una ripoti inayosema nzima, ya tarehe ambayo gari ilikua nyumbani kwako, hapo unajibu nini? Na bima nao sio wajinga, kwenye ule mkataba ambao hatusomagi kuna sehemu inasema mwenye gari ataitunza iwe nzima.

Mdogo wangu wa Goba, nenda na gari yako. Tena mpeleke na huyo dogo awepo, aone kinachoangaliwa, maana yeye ndo atakua anaisikia ikipiga kelele kila siku.

Niko Birmingham
Huku Uingereza gari ikifikisha miaka 3 inaanza kupimwa kila mwaka, wanaita MOT. Inapandishwa juu mtu anaingia chini na tochi, breki zinapimwa kwenye rola, taa zinapimwa kwa mashine. Kitu ninachokipenda ni kwamba majibu yanawekwa mtandaoni bure, ukitaka kununua gari ya mtu unaweka namba unaona mwaka gani ilifeli na ilifeli kwa nini, na kilomita zake. Mtu hawezi kukwambia ilikua inaendeshwa na mwalimu mstaafu wakati imefeli breki miaka mitatu mfululizo.

Chuma Chakavu
Birmingham tunakusalimia 😂 ila huku kwetu kwa hiyo mashine ya taa tungefeli wote, taa za IST zilizoingia ukungu zinatoa mwanga kama kibatari

Dereva Mstaafu
Mashine za rola hata hapa zipo, pale NIT Mabibo, chuo cha usafirishaji, wana kituo cha ukaguzi wa magari. Mkuu kama una wasiwasi kaulizie pale upimiwe gari upate picha kamili kabla ya kwenda kwa trafiki. Na kwenye taa, ukungu wa nje unapigishwa polishi unatoka, usiweke balbu za mwanga mkali kwenye taa ambayo haikutengenezewa, zinamtia upofu anayekuja mbele yako. Wenye gari za usukani wa kushoto ndo wana tatizo zaidi, taa zao zikiwa dimu zinaangaza kulia, yaani machoni kwa anayekuja.

Mkazi wa Goba
Nawashukuru sana wakuu. Nimetoka kufanya ile ya swichi ON. Zimewaka zote isipokua ABS. Haiwaki kabisa. Fundi wa Chini umeniharibia siku ila asante.

Aliyeniuzia alinipa na karatasi ya ukaguzi ya Japan, mimi nilijua hiyo inatosha kuonesha gari ni nzima. Halafu huyu fundi wangu nimempigia kumuuliza kuhusu ABS ananiambia "hiyo achana nayo boss haiangaliwi". Kuhusu mguu, nikinunua bolijointi nichukue mpya ya Kichina au used ya Ilala?

Fundi wa Chini
Ile ya Japan ni ya kabla gari haijapanda meli kaka, iliangaliwa ili iruhusiwe kuingia nchini. Tangu hapo imekanyaga mashimo ya kwetu miaka mingapi? Iweke kwenye faili tu.

Fundi akikwambia kitu hakiangaliwi muulize yeye anakiangalia au haangalii, ukipata jibu tafuta fundi mwingine. Kwanza funguliwe dashibodi ionekane kama balbu ipo. Ikiwepo nzima au ikirudishwa halafu ikawaka na kubaki imewaka, ipigwe mashine ya kusoma kodi za hitilafu, usikubali mtu abadilishe vitu kwa kukisia. Mara nyingi kwenye hizi gari ni sensa ya kwenye mguu, waya umekatika au sensa imejaa uchafu wa chuma, na usishangae ikiwa ni mguu huo huo wa kushoto kama kuna beringi imeshacheza. ABS ikifa breki za kawaida zinabaki zinafanya kazi, ila ukikanyaga ghafla kwenye lami iliyolowa matairi yanafunga na stelingi haikusikii.

Bolijointi used usinunue kabisa hata kama ni ya Japan, huwezi kujua imebakiza nini. Used ya Ilala chukua vitu visivyokaa kwenye uhai wa mtu, mlango, bampa, taa, kioo cha saidi. Bolijointi, tairodi, pedi, hozi za breki chukua mpya, nenda Kariakoo na ile mbovu mkononi ulinganishe, ipime kwa mkono, ikiwa inazunguka laini laini bila ukinzani mrudishie mwenye duka. Na ukibadilisha kushoto mwambie akuangalizie na kulia, zilifungwa siku moja hizo.

Mtu wa Mjini
Haya mimi nimekubali, ila trianglo na mtungi anunue maana hivyo ndo vinaulizwa kila siku. Na mtungi aangalie mshale uwe kwenye kijani.

Mama Wawili
Na tinti kama ipo kwenye vioo vya mbele toa kabla hujaenda, utajiokolea maneno. Nenda katikati ya wiki asubuhi, nywele za gari ziwe zimechanwa, yaani ioshwe na chini pia, mkaguzi akikuta matope hawezi kuona kitu na wewe mwenyewe hutaona oili inavuja wapi.

Mkazi wa Goba
Sawa dada. Jumamosi inaingia gereji nyingine, ya jirani yangu mmoja ana stendi na shimo. Dogo anapiga simu kila siku ananiuliza anaanza lini, nimemwambia aje na yeye avae ovaroli.