MREJESHO: Ule mlio kwa dereva, basi la Dar–Mbeya

Wakuu, niliuliza ule mlio unaosikika kwa dereva basi likikimbia ni wa nini, na abiria afanyeje. Asanteni sana.

Mliosema ni VTS mlikuwa sahihi. Ni mfumo wa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini nchini, wa kufuatilia mwenendo wa mabasi: kifaa kinasoma kasi kwa setilaiti, basi likivuka kilomita 80 kwa saa kinampigia dereva kelele, na taarifa inakwenda LATRA. Dereva anajitambulisha kwa kitufe chake, hivyo kosa linamfuata yeye mwenyewe.

Safari hii kililia tena tulipopita Chalinze. Nikamfuata konda: "Kaka, mwambie dereva apunguze, tuna watoto humu." Mama mmoja wa siti ya nyuma akaniunga mkono kwa sauti, na nadhani huyo ndiye aliyesikilizwa. Mlio ukakata, mwendo ukashuka kweli.

Kinachoniuma ni kwamba kifaa hiki hakioni usingizi, na mabasi yanatembea usiku tangu 2023. Umoja wa Ulaya umelazimisha magari mapya yawe na mfumo wa kumwonya dereva anayesinzia. Mabasi yetu ya usiku yanauhitaji zaidi.